Vidole vya Mke Wangu

Jumanne, 3 Machi

Amerudi kliniki anaimba.

Anaimba! Mke wangu huyu, ambaye kila akitoka kuoshwa kidonda chake cha kidole cha mguu hurudi uso umemshuka kama aliyetoka kuzika. Leo kaingia, kavua viatu, kabandika maji ya chai, na wimbo juu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kuna nesi mpya. Wa kiume. Kampima sukari na yeye hakusikia chochote. "Hata kidogo, Baba Watoto!" Macho yanang'aa, kidole ananinyooshea kama mchumba aliyevishwa pete.

Nikakiangalia kile kidole. Nakifahamu. Vyote kumi navifahamu, maana tangu sukari iingie nyumba hii ni mimi ninayevitoboa, kila asubuhi, kabla sijaenda kufungua kibanda. Sijawahi kukosa. Nilipokuwa na homa nilitoboa. Siku ya msiba wa kaka yangu nilitoboa kwanza, ndipo nikaenda kulia.

Foleni nzima inamwita Mkono Pamba, anasema. Mkono Pamba! Mimi nimenyoa wazee wenye shingo za makunyanzi, nimenyoa watoto wanaorusha mateke, na sijawahi kumkata mtu. Mtaa wote unajua. Lakini hakuna aliyewahi kuniita pamba. Mimi wananiita Wembe.

Nikamwambia vizuri sana. Nikatoka nje kunoa wembe ambao wala haukuwa butu.

Jumatano, 4 Machi

Asubuhi kama kawaida. Yeye kwenye stuli karibu na dirisha, mashine ya sukari mezani, mimi nimesimama. Kwangu kila kitu kina utaratibu. Nalowesha pamba kwa spiriti, nasugua kidole mpaka kinuke, kama ninavyosugua shingo ya mteja. Halafu kile kikalamu cha kutobolea, nimekiweka namba tano, ya mwisho, nakikandamiza katikati ya ncha ya kidole, pale penye nyama — pa! Mkono imara. Hiyo ndiyo sheria ya wembe: ukisitasita ndipo unapokata.

Leo kabla sijamgusa keshafumba macho, na bega limepanda mpaka sikioni. "Polepole basi," akasema.

Polepole! Siku zote amekuwa akifumba macho, au ndiyo leo nimeona? Nikamwambia, kwani jana kliniki hukuwa na bega? Damu ikagoma kutoka. Nikakamua. Ikagoma. Nikatoboa kidole cha pili. Akasema "Aa!" kwa sauti ndogo, ya mtu aliyezoea. Mashine ikatoa kumi na tatu.

Nikapandisha sauti. Kumi na tatu ni mchezo? Umekula nini? Mama yako alianza na kidole hivihivi, akaishia kukatwa mguu, ndiko unakotaka tufike? Daktari alishasema: asipopimwa kila asubuhi, yeye hawezi kujua dawa aongeze au apunguze, na sukari ikikaa juu kidonda hakifungi. Yote nimeyarudia, na yeye anayajua kunishinda mimi. Akafunga kidole kwenye pindo la nguo, akaenda zake jikoni.

Kabla ya kutoka nimekunywa jagi zima la maji. Hasira inakausha koo.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya kuosha kidonda. Kakataa kupimwa nyumbani! Eti atapimwa hukohuko, kuna haja gani ya kutobolewa mara mbili? Maneno ya akili. Ndiyo maana yameniuma.

Tena kavaa gauni la bluu. Lile la bluu! Alilovaa kwenye harusi ya binti yetu. Na mafuta ya kunukia. Mtu anakwenda kukamuliwa usaha, mafuta ya kunukia ya nini? Nimesimama mlangoni namwangalia anavyochechemea kuelekea barabarani. Anachechemea kwa madaha, jamani.

Mchana dada yake kapita kibandani. Shemeji yangu huyu mdomo wake hauna kufuli. Alimsindikiza mwenzake kliniki, kwa hiyo kaniletea salamu ambazo sikuziagiza. Mkono Pamba ni kijana mtaratibu, anasema, meno meupe, na "shemeji, walivyokuwa wanacheka na dada mle chumbani, sisi wa nje tulibaki tunatamani!"

Wanacheka nini? Sukari inachekesha?

Fundi viatu, jirani yangu wa kibanda cha pili, kasikia yote. Sindano yake ilisimama katikati ya soli. Shemeji alipoondoka akaniambia, "Wembe, pole. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema mkewe atanyolewa na nani." Akacheka mpaka akapaliwa. Nimemrushia brashi ya sabuni, ikampata begani.

Jumamosi, 7 Machi

Usingizi wa mang'amung'amu. Kuinuka na kulala, kuinuka na kulala, haja ndogo usiku kucha. Sikujua kumbe wivu unakimbilia kibofu.

Asubuhi kasema vidole vinauma, tuviache vipumzike leo. Nikasema sawa. Nikachukua kikalamu nikakitia mfukoni, nikaenda nacho kazini.

Hapa naandika kwa aibu, lakini hakuna asomaye ila mimi. Wateja walipokatika nikashusha pazia, nikafanya mazoezi. Nikaanza na nyanya. Nyanya haisemi aa. Nikahamia kwenye vidole vyangu mwenyewe, bila mashine, bila stripu — vile vipande vya kupimia damu ni ghali, havichezewi — kutoboa tu. Spiriti, katikati ya ncha, namba tano, pa!

Mama wee!

Nikasema hiki kidole kina hitilafu. Nikajaribu cha pili. Cha tatu. Nikavimaliza vyote. Halafu nikapaka spiriti juu ya vile vitundu, nikarukaruka mle ndani peke yangu kama niliyekanyaga moto. Lakini nikajiambia: sawa, inauma. Dawa gani isiyouma? Na huyo Mkono Pamba anaitoaje damu bila tundu? Ana ufunguo?

Jioni nimenyoa watu kwa vidole vilivyovimba. Mteja mmoja kaniuliza mbona chanuo nalishika kama kaa la moto. Nimemwambia ainamishe kichwa.

Jumapili, 8 Machi

Hakupimwa leo pia. Mikono anaikunja kwapani kila nikipita. Anasema kesho.

Aliposinzia kitini nilikitazama kidonda. Kitambaa kilikuwa kimelegea. Pembeni pana unyevu, na rangi yake sijaipenda kabisa.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda kliniki.

Sikupanga. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nimefunga kibanda, nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi, nimekaa mwisho wa benchi, nyuma ya mama mmoja mnene ili nijifiche. Kinyozi kujificha! Hakuna kichwa kwenye foleni ile ambacho sijakishika. "Wembe! Na wewe unayo?" Hapana, namsindikiza mtu. "Yuko wapi?" Anakuja. "Mbona umekonda?" Kazi nyingi. Suruali yenyewe naishikilia kwa mkono, maana mkanda nimeutoboa tundu jipya juzi na tayari umelegea. Haya mapenzi ya uzeeni yatanimaliza.

Chumba chao hakina mlango, kina pazia, na pazia lina mwanya. Nikaona. Yeye kakaa, gauni la bluu tena. Kijana kachuchumaa mbele yake — kachuchumaa! — kanipa mgongo. Mkono wa mke wangu upo juu ya kiganja chake, umetulia kama kifaranga aliyelala. Bega lipo chini. Macho yapo wazi. Kijana kasema kitu, yeye kacheka, kidogo akainamisha kichwa, halafu kakiangalia kile kidole, na basi. Imekwisha. Hakuna aa.

Mimi sijawahi kuchuchumaa. Tangu tuanze, nimesimama.

Nilitaka kuingia nikapige kelele. Nikapige kelele niseme nini? Niseme mbona humuumizi? Nikiwa bado nawaza, pazia likafunguka, kijana akatokeza kichwa akaniita, mzee wa kofia, hebu njoo nawe tukupime, kwa umri wako ni vizuri ujue. Nikamwambia mimi mzima kama chuma. Akasema hata chuma hushika kutu, mzee wangu. Benchi zima likacheka. Nimeondoka mbio kama mwizi wa kuku.

Jumatano, 11 Machi

Tumegombana.

Alianza yeye, wakati wa chai. Kwamba kofia ile anaijua hata akiwa kipofu. Kwamba nimemtia aibu, mume mzima kuchungulia kwenye pazia. Mimi nikasema aliyetia aibu ni anayevaa gauni la harusi kwenda kutobolewa. Nikasema kama kliniki kutamu, akaolewe na kliniki. Nikasema mengi. Maneno yakishatoka hayashikiki mkia.

Alicheka kwanza. Halafu kicheko kikakatika. Akasema, "Mara ngapi nimekuambia naumia?" Nikasema hujawahi kuniambia. Akasema, "Nimekuambia kila asubuhi." Kisha kachukua mashine, stripu, kikalamu, vyote, kavitia kwenye mkoba wake, kavuta zipu.

Zipu ile naisikia mpaka sasa.

Sasa hapimwi kabisa hapa nyumbani. Jumanne na Ijumaa tu, kule. Siku nyingine zote hatujui sukari iko wapi — iko juu, iko chini, inakula kidole kimyakimya. Na mimi ndiye nilikuwa mlinzi wa hiyo sukari. Nimemwambia hivyo. Nikamtaja mama yake tena na ule mguu. Akasema nimwache mama yake alale.

Nimekosa hata pa kwenda na hasira. Nimekwenda bafuni kumwaga majivu, maana sisimizi wamejaa pale kwenye mfereji, safu kwa safu, sijui wamefuata nini.

Alhamisi, 12 Machi

Chai imewekwa mezani, imefunikwa. Haina sukari hata chembe, kama kawaida. Nimekunywa peke yangu nikiangalia stuli.

Ijumaa, 13 Machi

Siamini nitakayoandika.

Jioni, nimebaki na kiti kitupu, kaingia mteja mgeni. Kijana. Meno meupe. Begani mkoba wa kliniki. "Shikamoo, mzee." Marahaba, nikasema. Hakunitambua, nadhani, sikuwa na kofia. Alitaka kunyolewa nywele na ndevu. Kwa wembe!

Nikamfunga shuka. Nikampaka povu. Nikamwinua kidevu. Jamani, shingo ya mtu aliyenikosesha usingizi ipo mkononi mwangu, imenyooka, inaniamini. Fundi viatu, ambaye keshajua ni nani, kaacha kazi yake kabisa, kasimama mlangoni na kiatu mkononi, macho yamemtoka.

Nikanyoa. Mkono wangu, niseme ukweli, ulikuwa mwepesi kama siku zote. Kijana akafumba macho. Akasema, mzee, una mkono mwepesi ajabu, hata sihisi wembe, ungefaa kuwa nesi. Fundi viatu akakohoa.

Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nimesikia yeye ndiye anayetoboa watu bila kuwaumiza. Akacheka kidogo, kwa tahadhari ya wembe. "Mimi siwatoboi, mzee. Wanajitoboa wenyewe."

Nikasema, wenyewe?

"Wenyewe. Mtu akijitoboa anajua lini inakuja, mwili haushtuki. Mimi nashika mkono kwa chini tu, asijione yuko peke yake. Sifa zote wananipa za bure." Akaendelea, bila kuulizwa, kama vijana wanaoipenda kazi yao. Waoshe mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, damu inashuka yenyewe. Mkono uning'inie kwanza. Watoboe ubavuni mwa ncha, siyo katikati, katikati ndiko kwenye hisia zote. Kikalamu namba ndogo inayotosha. Kisindano kipya kila mara.

Kisindano kipya. Mimi mtu akitaka nimnyoe kwa wembe uliotumika bila kuchemshwa naona ananitukana. Na kile kisindano cha nyumbani nilikuwa nakibadilisha nikikumbuka.

Halafu akasema — na hapa mkono wangu ulikuwa chini ya sikio lake — kwamba walio wagumu si wagonjwa, ni wanaowapenda. Yupo mama mmoja pale kwao. Mumewe anamtoboa kila asubuhi kama anayepigilia msumari. Kijana kamwambia yule mama, jitoboe mwenyewe na nyumbani, mbona hapa unaweza? Mama akasema hapana. "Akasema ile ndiyo kazi ya mume wangu ya asubuhi. Nikimnyang'anya atabaki na nini?"

Nikamkata.

Mimi! Kidogo tu, chini ya sikio, lakini damu ikatoka, nyekundu juu ya povu. Fundi viatu kaangusha kiatu. Haijawahi kutokea, haijawahi! Nikakurupuka nikalowesha pamba spiriti nikambandika, na kijana akaruka kitini. "Aa! Mzee, spiriti inawasha hiyo! Maji tu, maji na sabuni!"

Ile aa yake. Ileile. Nimeisikia kila asubuhi nikadhani ni ya kitoto.

Nimemwosha kwa maji. Nimeomba radhi. Alikuwa muungwana, akasema ajali kazini. Sikumwambia mimi ni nani. Na sasa nimekaa hapa, na badala ya wivu kuisha umeongezeka, umebadilika tu sura. Mwanzo nilidhani kaukataa mkono wangu akaupenda wa mwingine. Kumbe mkono wa mwingine haukuwepo. Kilichokuwepo ni huruma. Mke wangu alinionea huruma, akaibeba, akaenda kumwambia mtu mwingine. Gauni la bluu, vicheko, sijui — lakini huruma ile ilikuwa yangu! Kwa nini aisikie yeye kabla yangu?

Jumamosi, 14 Machi

Nimeamka kabla yake. Nimechemsha maji nikayapoza, nikayajaribu kwa kiwiko kama tulivyofanya wakati wa kuogesha watoto. Beseni, sabuni, taulo safi. Nimesubiri.

Alipotoka chumbani akasimama. Akaangalia beseni, akaniangalia mimi. Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, kile kifupi, magoti karibu yanagusa kidevu. Nikamwambia naomba mkoba. Akasita, akanipa. Zipu nikaifungua mimi. Nikaweka kisindano kipya, nikarudisha namba mpaka mbili. Nikampa kikalamu.

"Jitoboe," nikasema.

"Nani kakuambia?"

Nikamwambia ni kichwa kimoja kilichokuja kunyolewa. Akaniangalia. Sidhani kama kuna siku ameniangalia hivyo tangu binti yetu aolewe. Akanawa. Akauning'iniza mkono kidogo. Nikaweka kiganja changu chini ya wake. "Unabana," akasema. Nikalegeza. "Bado." Nikalegeza tena. "Hapo."

Tik. Ubavuni mwa kidole. Hakufumba macho. Tone likaja lenyewe, la mviringo, bila kukamuliwa. Mashine ikatoa kumi na moja. Si nzuri, lakini tunaijua. Tunaijua sisi wenyewe, nyumbani kwetu, asubuhi yetu.

Nikamuuliza walikuwa wanacheka nini. Akasema, "Wewe." Kwamba alimsimulia kijana jinsi ninavyosimama na kile kikalamu kama polisi wa zamu. Na gauni la bluu? Ndilo pekee lenye pindo lisiloburuta kwenye bandeji, akasema, kama ungeangalia chini ungeona. Na mafuta? Kidonda kinanuka, Baba Watoto. Unataka niende nanuka?

Nilipomfuta kile kidole, roho iliniuma kidogo bado. Sasa naonea wivu mkono wake wa kulia. Ndio unaomtoboa! Nimemwambia, akacheka mpaka akashika ubavu. Nimecheka na mimi. Lakini ni kweli.

Jumapili, 15 Machi

Naandika mchana, nikiwa mezani, na naandika polepole makusudi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tisa! Kajitoboa, nimeshika kwa chini, hakusema unabana. Tukanywa chai. Nikanywa maji baada ya chai. Nikanywa tena. Nikanyanyuka kwenda bafuni, nikarudi, nikamimina tena, na jagi likawa tupu.

Akauliza nimekula nini chenye chumvi. Nikasema sikula kitu, ni haya mambo ya wiki mbili, wivu unakausha koo, nikamwambia wazi sasa, tuna haja gani ya kufichana. Nikamsimulia na ile safari ya chooni usiku, na mkanda, kama kichekesho, nilitaka acheke tena kama jana. Nikaongeza na wale sisimizi.

Hakucheka.

"Sisimizi wapi?"

Nikasema bafuni, kwenye mfereji, wanapenda pale ninapo— Yeye alikuwa keshasimama. Akaenda bafuni kwa ule mguu wake, akakaa huko kidogo. Aliporudi hakusema kwa ukali. Akasema sisimizi walimjua mama yake kabla ya daktari, kwa sukari ya mkojo wake. Akasema, "Lete kidole."

Mimi mzima! Nimemwambia mimi mzima kama chuma. Akasema mama yake naye alikuwa chuma. Nikasema stripu hazichezewi. Akasema nani anacheza? Nikasema basi nitoboe wewe, zamu yako, lipiza kisasi, namba tano ukipenda. Akatikisa kichwa. Yeye hatoboi mtu. Atashika kwa chini.

Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akasema, "Leo atajinyoa."

Nilipojitoboa vidole vyote kumi kibandani sikuogopa kitu. Niliruka, nililia machozi, lakini sikuogopa. Siku ile hapakuwa na stripu. Tundu lisilo na namba haliogopeshi. Na sasa naelewa kwa nini kwa watu wote mkono wangu ni mwepesi, na kwake tu ulikuwa nyundo. Kila asubuhi nilikuwa naogopa ile namba kuliko yeye, nataka itoke haraka, imalizike, nikafungue kibanda. Nilidhani ninakandamiza kidole.

Anasema ikiwa mbaya, Jumanne tutakwenda wote. Wote wawili, benchi moja! Nikakae pale mbele ya vichwa vyote vile nimpe kiganja kijana niliyemkata shingo. Nimemwambia siendi. Amewasha jiko.

Beseni liko mbele yangu. Taulo lilelile la jana, limekunjwa. Kisindano kipya, namba mbili, kaweka yeye. Amevuta kile kigoda kifupi. Nimemwambia asikae hapo na kidonda chake, kakaa. Mguu kaunyoosha pembeni.

Anauliza bado naandika? Nimesema namalizia.

Anauliza kidole gani. Nimesema nachagua.

Mkono wake uko chini ya ukingo wa meza, kiganja juu, unanisubiri. Nimeweka kalamu hii chini na kuiokota tena. Anasema maji yanapoa.